Kupiga kambi na watoto ili wajifunze historia: Kolo, Kongwa au njia ya misafara?

Mama wa Ipagala (Dodoma) anauliza:

Wanajukwaa, habari za siku. Mimi na mume wangu tunawasomesha watoto wetu watatu nyumbani hapa Dodoma. Mkubwa ana miaka 14 na anajiandaa na Mtihani wa Maarifa (QT) wa watahiniwa wa kujitegemea, wa kati ana miaka 11, na kitindamimba ana miaka 7. Hisabati na sayansi zinakwenda, lakini historia wanaisoma kama orodha ya majina ya kukariri. Vitabu tunavyotumia vinaanzia Misri, vinapita Ugiriki na Roma, na vinapofika kwetu vinakuwa vimebakiwa na kurasa chache. Juzi huyu wa kati alinieleza vizuri kabisa namna Warumi walivyojenga barabara zao, lakini nilipomuuliza kwa nini reli inapita katikati ya mji wetu, alinijibu kwamba bila shaka ni kwa sababu Dodoma ni makao makuu ya nchi.

Kwa hiyo tumeamua kwamba mwezi Julai, mvua zikiwa zimekwisha kitambo na wakulima wakiwa wameshavuna, tutaondoka na hema na kulala nje siku chache mahali ambapo historia ya Tanzania ya kati inaweza kuonekana kwa macho. Gari letu ni dogo, si la kupanda milima. Fedha tunazo za kutosha chakula, mafuta na viingilio, lakini si za kulala hotelini.

Mawazo yaliyopo ni matatu. Mimi navutwa na michoro ya miambani ya Kolo, wilayani Kondoa. Mkubwa wetu amesoma habari za misafara ya biashara ya pembe na watumwa, naye anataka tufuate njia hiyo kuanzia Mpwapwa hadi Kilimatinde. Baba yao angependa tushuke Iringa, tukaone Isimila na Kalenga. Naomba ushauri wa watu mnaozifahamu sehemu hizi: tuchague ipi, watoto wa umri tofauti hivi wafanye kazi gani wakiwa huko ili isiwe safari ya kupiga picha tu na kurudi, na je, inaruhusiwa kupiga kambi karibu na maeneo ya mambo ya kale?

Mtembezi wa Kanda ya Kati:

Dada, salaam. Nimezoea kuongozana na vikundi vya wanafunzi kwenda Kolo, kwa hiyo usishangae nikiegemea upande wako. Nianze na Iringa ili niitoe njiani. Isimila ina zana za mawe za kale sana na korongo lenye nguzo za udongo ambazo watoto hawatazisahau, na Kalenga kuna fuvu la Mtwa Mkwawa lililorudishwa kutoka Ujerumani mwaka 1954. Hiyo ni safari inayojitegemea. Ukiiunganisha na ya Kondoa, mtatumia muda mwingi zaidi ndani ya gari kuliko chini ya miamba, na huyo wa miaka 7 ndiye atakayewaadhibu wote.

Kolo iko kando ya barabara kuu ya Dodoma hadi Babati, kama kilomita 180 kutoka mjini. Tangu barabara hiyo ya kilomita 251 ilipozinduliwa mwaka 2018 ikiwa ya lami, gari dogo linafika kwenye ofisi ya kituo bila shida yoyote. Shida huanza mnapoiacha lami kuelekea miambani, kwa sababu njia ni ya vumbi na mawe, na sehemu ya mwisho hupandwa kwa miguu. Waulizeni wenyeji wa ofisini kama gari lenu litapita, na wakisema halipiti, waaminini. Kuripoti ofisini ni lazima: mtapewa kumbukumbu namba ya malipo, mtalipa, na mtapangiwa mwongozaji. Msiende miambani peke yenu hata kama mtu barabarani amewaambia njia anaijua.

Kuhusu kambi, lipo eneo la kuweka mahema karibu na mto Kolo, lakini ni la kawaida mno na mnapaswa kuwaeleza watu wa ofisi mapema kwamba mnakusudia kulala. Bebeni maji ya kunywa na ya kupikia kutoka nyumbani, kwa kuwa mito mingi ya huku wakati wa kiangazi ni mchanga mtupu. Bebeni jiko la gesi badala ya kutegemea kuni, na blanketi nzito kuliko mnazotumia Ipagala, maana baridi ya Julai katika vilima vile ni kali usiku. Hayo ya vifaa yanatosha. Mtu yeyote aliyewahi kulala shambani wakati wa kulinda mazao anajua yaliyobaki.

Sasa nije kwenye somo lenyewe. Michoro ya Kondoa iliingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2006. Eneo lililoorodheshwa ni kilomita za mraba 2,336 kwenye miteremko ya Bonde la Ufa, na idadi ya miamba yenye michoro inakadiriwa kuwa kati ya 150 na 450. Waambie watoto wako takwimu hiyo ya mwisho na uwaache waishangae, kwa sababu inaonyesha kwamba hata kuhesabu bado hakujakamilika.

Jambo la kwanza wanaloweza kuligundua wenyewe ni rangi. Kuna michoro myekundu, ya wanyama kama twiga, tembo na pofu, pamoja na watu warefu wembamba wenye vichwa vilivyopambwa. Hiyo huhusishwa na jamii zilizoishi kwa kuwinda na kukusanya, ambazo watafiti wengi wanaziunganisha na mababu wa Wasandawe na Wahadza wa leo. Kuna pia michoro myeupe, minene na isiyo na umbo la kina, ambayo huhusishwa na wakulima waliofika baadaye. Usiwaeleze haya kabla. Wapelekeni kwenye mwamba ambako nyeupe imepita juu ya nyekundu, kisha muulize huyo wa miaka 11 ipi ilitangulia. Akijibu kwamba iliyo chini ndiyo ya zamani, atakuwa ameanza akiolojia bila kufunguliwa kitabu.

La pili ni tofauti kati ya kinachoonekana na kinachodhaniwa. Hapo Kolo kuna mchoro maarufu wa watu kadhaa ambapo mmoja aliye katikati ameshikwa na wengine kutoka pande mbili. Mary Leakey, mtafiti wa mambo ya kale ambaye mwaka 1951 alifanya kazi kubwa ya kunakili michoro ya eneo hili, aliona humo tukio la kumteka mtu. Watafiti waliokuja baadaye waliona kitu kingine kabisa: ngoma ya uganga, ambayo mchezaji hupandisha pepo na wenzake humshika asianguke, na wakataja ngoma ya simbo ya Wasandawe kama ushahidi wao. Mpe kila mtoto karatasi iliyogawanywa sehemu mbili, upande mmoja aandike anachokiona na upande wa pili anachodhani. Mkubwa wako akifika kwenye mchoro huo, mwache achague tafsiri moja na aitetee mbele ya wadogo zake. Mimi binafsi naiona hoja ya uganga kuwa na nguvu zaidi, lakini nimewahi kubishana na mwanafunzi wa kidato cha pili aliyenifanya nisiwe na uhakika sana.

La tatu ni muda. Mtoto akisikia "miaka elfu nyingi" haelewi chochote. Katika mwamba wa Kisese, ulio ndani ya eneo hilohilo la urithi, wachimbaji wa akiolojia walipata shanga zilizotengenezwa kwa maganda ya mayai ya mbuni, na za kale zaidi zina umri wa zaidi ya miaka 40,000. Chukueni kamba ya mita 40 na muitandaze pale kambini, kila mita ikiwa miaka 1,000. Shanga za kwanza ziko mwanzoni mwa kamba. Ukoloni wote, kuanzia Wajerumani mwaka 1885 hadi uhuru wa mwaka 1961, unachukua chini ya sentimita nane karibu kabisa na mwisho. Mwanao wa miaka 7 anaweza kuitembea historia yote ya Kondoa kwa miguu yake kabla ya chai ya asubuhi. Muwaeleze tu kwamba umri wa shanga si umri wa michoro. Michoro yenyewe ni vigumu kuipima, na wataalamu hawajakubaliana kuhusu miaka yake.

Mwisho, mwangaza wa asubuhi na wa alasiri ndio unaofaa kuangalia. Jua la adhuhuri huifanya rangi nyekundu ififie machoni. Msiguse mwamba, msimwagie maji ili rangi ikolee, na msiweke karatasi juu ya mchoro ili kuunakili. Wakae mbali kidogo na wachore kwa kuangalia.

Mwalimu Mstaafu, Mpwapwa:

Mama wa Ipagala, hongera kwa kazi hiyo. Nilifundisha historia sekondari hadi nilipostaafu, na jibu la mwanao kuhusu reli limenichekesha kwa sababu nililisikia mara nyingi darasani. Mwambie kwamba ujenzi wa reli ya kati ulianza Dar es Salaam mwaka 1905 chini ya Wajerumani, reli ikafika Dodoma mwaka 1910, Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Uamuzi wa TANU wa kuhamishia makao makuu Dodoma ni wa mwaka 1973. Reli ilitangulia kwa miaka 63. Kisha muulize swali gumu zaidi: kwa nini Wajerumani waliipitisha reli yao katika nchi kavu kama Ugogo? Jibu litamrudisha kwenye njia ya misafara ambayo kaka yake ameipenda.

Njia hiyo ilitoka Bagamoyo, ikapita Mamboya na Mpwapwa, ikavuka Ugogo, ikapanda ukingo wa Bonde la Ufa kule Kilimatinde, ikafika Kwihara karibu na Tabora, na kuishia Ujiji. Tanzania imeiweka katika orodha yake ya awali ya maeneo inayokusudia kuyaombea hadhi ya Urithi wa Dunia. Baada ya Mpwapwa misafara iliingia Marenga Mkali, nyika isiyo na maji ya kunywa, ambako wapagazi waliondoka mchana, wakalala njiani bila maji, na kufika Ugogo siku ya pili. Ndiyo maana watemi wa Kigogo waliweza kudai hongo, yaani ushuru wa kupita, ya vitambaa, shanga na nyaya kutoka kwa kila msafara: wao ndio waliokuwa na visima na nafaka. Wazungu waliopita hapo, Burton na Speke mwaka 1857 na Stanley mwaka 1871, waliilalamikia sana hongo katika maandishi yao, na vitabu vya zamani vya shule viliyanukuu malalamiko hayo kana kwamba Wagogo walikuwa wanyang'anyi. Kwa nini mtu anayekuuzia haki ya kupita na kunywa maji katika nchi yake aitwe mnyang'anyi, na anayepita na bunduki asiitwe hivyo? Mkubwa wako anafaa kulijadili hilo, na si katika mtihani tu.

Hata hivyo siwashauri mwifuate njia hiyo kwa hema na gari dogo. Kinachobaki kuonekana ni kidogo na kimetawanyika, na bila mtu wa kueleza, watoto wataona vichaka tu. Kama mnaitaka, chagueni sehemu fupi ya nyika mnayoweza kuitembea salama, na kila mmoja abebe mzigo unaolingana na umri wake. Mpagazi wa Kinyamwezi alibeba takriban kilo 30, pamoja na chakula na vyombo vyake mwenyewe, kwa majuma mengi. Mwanao akibeba kilo tatu kwa saa moja ataielewa reli kuliko maelezo yangu yote. Msisahau kuwaeleza kwamba miongoni mwa waliopita njia hii ni Chuma, Susi na wenzao walioubeba mwili wa mmisionari Livingstone baada ya kifo chake mwaka 1873, wakaufikisha Bagamoyo mwezi Februari mwaka 1874. Majina yao yanastahili kujulikana na watoto kabla ya jina la waliyembeba.

Mahali ambapo hakuna aliyepataja ni Kongwa, nami nashangaa, kwa sababu ni jirani zaidi na Dodoma kuliko Kolo na pana historia mbili kubwa zilizokaa juu ya ardhi ileile. Ya kwanza ni mpango wa karanga. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Uingereza ilikuwa na upungufu mkubwa wa mafuta ya kula, na mwaka 1947 serikali yake ilianza kufyeka vichaka vya Kongwa ili kulima karanga kwa mashine katika eneo ambalo, pamoja na Urambo na Nachingwea, lilikusudiwa kuzidi ekari milioni tatu. Matrekta yaliyotumika vitani yaliletwa, hata vifaru vikageuzwa kuwa matrekta. Mizizi ya vichaka ilivunja majembe, udongo wa mfinyanzi ukikauka ulikuwa mgumu kiasi kwamba karanga hazikuweza kung'olewa, na mvua haikunyesha kama wapangaji walivyotarajia. Mwaka 1951 mpango ulifutwa baada ya kumeza mamilioni ya pauni. Mgogo yeyote wa Kongwa angeweza kuwaambia habari ya mvua kama angeulizwa, na hilo ndilo ningependa watoto walitafakari wakiwa wamesimama juu ya udongo wenyewe, wameukwangua kwa kijiti na kuona unavyokataa.

Ya pili ni kambi za wapigania uhuru. Kuanzia mwaka 1964, Kongwa ilikuwa makao ya wapiganaji wa vyama vya ukombozi vya kusini mwa Afrika: FRELIMO ya Msumbiji, ANC ya Afrika Kusini, SWAPO ya Namibia, ZAPU ya Zimbabwe na MPLA ya Angola. Samora Machel alikuwa miongoni mwa waliopita katika kambi hiyo. Wapo wazee wa Kongwa ambao walikuwa vijana wakati huo na wanakumbuka majirani wale waliozungumza lugha ngeni. Nendeni kwanza ofisi ya wilaya na ya serikali ya kijiji, mjieleze, na muombe kuelekezwa kwa mzee mmoja anayependa kusimulia. Hili si eneo la utalii lenye mwongozaji na tiketi, na kwa watoto wanaosomea nyumbani nadhani ndilo lenye faida zaidi, kwa kuwa itabidi waulize wenyewe.

Mzawa wa Pahi:

Dada, karibuni Irangi, nchi yetu Warangi hapa Kondoa. Mtembezi ameeleza vizuri, ila kuna jambo ambalo watu wa nje hulipita haraka. Mungumi wa Kolo, mwamba ambao wageni wengi hupelekwa, si makumbusho tu. Wazee wetu wanaendelea kufanya matambiko pale, ya kuomba mvua na kuponya wagonjwa, na wengine hunyunyizia pombe ya nafaka kama sadaka. Watu wa hifadhi wamekuwa na mvutano na wenyeji kwa sababu hiyo, wakihofia michoro kuharibika, na wenyeji nao huuliza ni nani aliyeitunza miamba hiyo kabla ya kuja kwa mabango. Waelezeni watoto pande zote mbili. Mkikuta shughuli inaendelea, rudini nyuma na msubiri mpaka mwongozaji awaambie, na msipige picha za watu.

Kitindamimba ataona mashimo yaliyochimbwa chini ya baadhi ya miamba na atauliza. Ni kazi ya wanaotafuta "mali ya Mjerumani", wanaoamini kwamba Wajerumani walizika dhahabu walipokimbia. Uvumi huo umeharibu tabaka za udongo ambazo wanaakiolojia wangezisoma, na hazirudi tena. Chanzo cha uvumi ni vita halisi, Vita Kuu ya Kwanza. Mwezi Aprili mwaka 1916, majeshi ya Afrika Kusini chini ya Jenerali van Deventer yaliiteka Kondoa-Irangi, na mwezi Mei Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, akayashambulia usiku bila kufaulu kuyaondoa. Kisha wote wakakwamishwa na mvua na maradhi. Kwa watu wa Tanzania ya kati vita hiyo haikuisha na bunduki: majeshi ya pande zote yalichukua nafaka, ng'ombe na vijana wa kubeba mizigo, na Ugogo ikaingia katika njaa kubwa ambayo wazee waliiita Mtunya. Kama watoto wako wana bibi au babu wa Kigogo, swali hilo waanze kuliuliza nyumbani kabla ya kufunga mizigo.

Tena mkiwa njiani, simameni mahali pazuri mtazame makorongo. Vilima vya Irangi viliharibiwa na mmomonyoko kiasi kwamba mwaka 1973 serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, uliojulikana kama HADO, na mwaka 1979 mifugo yote ikaondolewa katika eneo lililoathirika zaidi. Leo vichaka na majani vimerudi katika sehemu nyingi. Wazee wanakumbuka uchungu wa kuhamisha ng'ombe, na wakati huohuo wanakubali kwamba ardhi ilipona. Hii nayo ni historia, tena si ya maelfu ya miaka.

Na kama mnawafundisha lugha, sikilizeni sokoni. Katika wilaya za Kondoa na Chemba na jirani zake mnakuta Warangi na Wagogo wanaozungumza lugha za Kibantu, Waburunge na Waalagwa wenye lugha za Kikushi, Wabarbaig na Wamasai wenye za Kinilo, na Wasandawe wenye sauti za kugonga ulimi. Sehemu zenye mkusanyiko wa namna hiyo ni chache mno katika bara zima.

Mama wa Ipagala:

Nawashukuruni sana, hasa Mwalimu na ndugu wa Pahi, shikamoo Mwalimu. Nimewasomea watoto majibu yote jioni, na mkubwa amekubali kuiacha Kilimatinde kwa masharti kwamba apewe kazi ya kueleza hongo kwa maneno yake. Baba yao naye amekubali kwamba Iringa isubiri.

Nina maswali mawili yaliyobaki. Mtembezi, je, mtoto wa miaka 7 anaweza kupanda hadi miambani bila kubebwa? Na Mwalimu, kwa Kongwa tulale huko au turudi siku hiyohiyo? Naogopa kupiga hema mahali ambapo hakuna eneo lililotengwa.

Mtembezi wa Kanda ya Kati:

Anaweza, mkianza asubuhi na mkienda mwamba mmoja au miwili tu kwa siku. Kosa la wageni wengi ni kutaka kuona miamba yote, na matokeo yake hakuna wanachokumbuka isipokuwa jasho. Wavalishe viatu vya kufunga, si ndala, na suruali ndefu kwa ajili ya miiba. Alasiri wapumzike kambini, wakamilishe michoro yao, na wewe uwasomee.

Mwalimu Mstaafu, Mpwapwa:

Marahaba. Kongwa nendeni na kurudi siku hiyohiyo, msipige hema. Ondokeni alfajiri, mpite ofisini kujitambulisha, msikilizeni mzee asubuhi kabla jua halijawa kali, kisha muone ardhi ya karanga. Mkirudi mtapita jirani na Chamwino, ambako Mwalimu Nyerere alishiriki kazi ya kujenga kijiji cha ujamaa mwaka 1971 wakati wa Operesheni Dodoma. Hata mkisimama hapo kwa dakika chache tu, mwanao wa kati atakuwa amepata sehemu nyingine ya jibu la swali lake la makao makuu.

Kwa mkubwa nina nyongeza. Asiandike insha ya "nilikwenda na nikaona". Aandike maswali kabla ya kwenda, na kwenye kila jibu alilopata aonyeshe amelipata kwa nani au kwenye nini: mwamba, mzee, au kitabu. Watahini wanaipenda hoja yenye ushahidi, na hata kama wasingeipenda, ningemshauri hivyohivyo.

Mama wa Ipagala:

Basi tumeamua. Julai tunakwenda Kolo na hema, tutalala karibu na mto kwa idhini ya ofisi, na kamba ya mita 40 baba yao ameshaipata dukani. Kongwa tutakwenda Agosti, siku moja, na mkubwa ameanza kuandika maswali ya kumuuliza mzee. La kwanza ni kama wapiganaji walikuwa wakinunua chakula sokoni au waliletewa. Maswali ya Mtunya tutampelekea bibi yao huko Bahi Jumapili hii. Mzawa wa Pahi, kama siku ya soko la karibu na Kolo unaifahamu, naomba unieleze tupange safari iangukie siku hiyo.

Mzawa wa Pahi:

Siku za minada hubadilishwa na halmashauri, kwa hiyo sitaki kukupotosha. Ukipiga simu ofisi ya kituo kuwaarifu kuhusu kambi, waulize na hilo. Wao wanakaa pale na watakwambia ya mwezi huo. Na mnunue mboga Kondoa mjini mkiwa mnapita, kwa sababu Kolo huenda msipate mnachotaka jioni.